Mtungi wa Pili Uko Berea

Jumatatu asubuhi, alipomaliza kupiga pasi mashuka, Victorine alimwaga nusu ndoo ya maji ya sabuni ndani ya mtungi wa Kichina uliosimama kando ya meko, sebuleni kwa Madam Coetzer huko Westcliff, Johannesburg. Alitaka kuusafisha ndani. Maji yaliingia, yakazunguka mara moja kama yanayotafuta njia, yakaisha. Alichungulia. Ndani kulikuwa kukavu. Akapapasa kitako, akapiga magoti, akakagua zulia. Zulia nalo lilikuwa kavu. Hapo simu ikalia mfukoni mwa aproni.

"Mama," alisema binti yake Murielle, akipiga kutoka nyumbani kwao, mtaa wa Berea. "Ule mtungi wa mifagio umefurika sabuni. Korido yote imeloa."

"Tandaza matambara," alisema Victorine. "Na weye unafanya nini nyumbani saa hii?"

"Walimu wako na mkutano."

"Walimu wenu wanakutana kuliko wabunge. Tandaza matambara, halafu usugue korido, maana sabuni imeshafika."

Akakata simu na kuendelea na kazi.

Jengo lao la Berea lilikuwa limekatiwa maji tangu Februari ya mwaka huo wa 2017. Wapangaji walilipa kodi na maji kila mwisho wa mwezi, mkononi mwa Marcellin, Mkongomani mwenzake Victorine aliyekuwa msimamizi, na Marcellin aliwaambia kila mwisho wa mwezi kwamba mwenye nyumba yuko kwenye mazungumzo na manispaa. Mwenye nyumba hakuwahi kuonekana. Watu walichota kituo cha mafuta mpaka wakafukuzwa, kisha wakaanza kwenda kwenye bomba la kanisa moja katikati ya jiji. Kurudi walipanda teksi, na dereva alidai nauli ya dumu sawa na ya mtu, kwa kuwa dumu nalo lilikalia kiti.

Victorine alikuwa akilala kwenye chumba cha uani kwa Madam kuanzia Jumapili jioni hadi Jumamosi mchana. Watoto hawakuruhusiwa. Madam alilisema hilo siku ya kwanza, kwa sauti nzuri, pamoja na mambo ya mbwa na kengele ya wezi. Kwa hiyo Murielle, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alibaki Berea na Bi Biubwa, mwanamke wa Unguja aliyepanga chumba cha pili cha fleti ile na kuuza kanga na udi mjini. Bi Biubwa alimlisha, akamsuka, akamkemea kidogo. Kukemea kwenyewe kulimngoja mama yake Jumamosi, na kufikia Jumamosi nusu ya makosa yalikuwa yameshasahaulika. Jambo hilo lilimuudhi Victorine kuliko makosa yenyewe.

Mtungi wa Berea waliukuta koridoni walipohamia, umetiwa mifagio. Ulikuwa pacha wa ule wa Madam: kauri ya kijani kilichofifia kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Mchina aliyeitengeneza aliiacha hivyo, nayo ilikuwa inatosha. Halafu ikafika Ufaransa, na fundi mmoja huko akaona haifai kukaa uchi. Akaivisha kiatu cha shaba, ukosi wa shaba shingoni, na masikio mawili ya kushikia, yenye vichwa vya kondoo dume, vyote vimepakwa dhahabu. Bi Biubwa alisema ulifanana na bibi harusi aliyevalishwa na mama mkwe.

Victorine alijua tangu siku yake ya kwanza Westcliff kwamba mitungi ile ni miwili. Hakusema. Mfanyakazi akimwambia bosi wake "hiki na mimi ninacho nyumbani", jioni hiyo hiyo mkoba wake unapekuliwa.

Jumanne Madam alikwenda kucheza karata kwa rafiki zake. Victorine akavuta mpira wa bustani kupitia dirisha la sebuleni, akautia mdomoni mwa mtungi, akafungua. Maji yale yalitoka kwenye kisima cha Madam, ambacho kazi yake ilikuwa kunywesha majani na mawaridi. Huko Berea, Murielle na Bi Biubwa walijaza madumu, masufuria, beseni, kisha bafu. Bafu lilipojaa Murielle alipiga simu.

"Mama, yatosha! Funga!"

"Usipoteze vocha," alisema Victorine. "Sema kwenye mtungi. Nimekusikia kabla ya simu."

Ilikuwa hivyo. Sauti na harufu zilipita pande zote mbili. Vitu vilikwenda upande mmoja tu, kutoka Westcliff kwenda Berea. Bi Biubwa alijaribu kurudisha maji machafu ya kufulia, yakabaki palepale yakimtazama, ikabidi ayachote tena kwa kikombe.

Tangu hapo Victorine alilea kwa mtungi. Alikuwa akifuta vumbi kwenye masikio ya kondoo, kisha anainama.

"Murielle! Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chipsi za duka la spaza."

"Hicho si chakula. Kuna dagaa wa sambaza kwenye karatasi juu ya friji. Kaanga. Na nasikia televisheni."

"Ni ya jirani, Mama."

"Jirani gani anacheka kwa sauti yako?"

"Eish, Mama."

"Usiniambie eish. Nimekuzaa Bukavu, sikukuzaa kwenye stendi ya teksi."

Mtoto alijibu nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kizulu na Kiingereza cha shule, na Victorine alimrudishia kila neno lililopotea njia mpaka liingie sawasawa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi Westcliff, makosa yalikemewa siku yalipotendeka. Alama za hesabu zilipanda. Chumba kilifagiliwa.

Jengo lote lilijua ndani ya wiki moja, maana maji hayafichiki kwenye jengo lisilo na maji. Foleni ilianzia koridoni ikashuka ngazi. Hakuna aliyeuliza mtungi unafanyaje. Waliuliza kama unaweza kuanza mapema zaidi kabla ya watu kwenda kazini, na mama mmoja wa ghorofa ya juu aliuliza kama hakuna ya moto. Victorine alisikiliza malalamiko yote kutoka Westcliff, kichwa kikiwa kimeinama kwenye shingo ya shaba, akajibu kwamba anayetaka ya moto akaolewe na jiko.

Mwisho wa mwezi Marcellin alipita kukusanya kodi. Alichungulia korido, akaona madumu, akaona watu, akaona mtungi. Akachota kikombe, akanywa, akafuta mdomo.

"Vizuri," alisema. "Kumbe maji yamerudi. Nitamwambia mwenye nyumba kwamba lile suala la manispaa limekwisha."

"Hayajarudi, Marcellin," alisema Bi Biubwa. "Mabomba ni makavu. Haya anayatia Mama Murielle."

"Bi Biubwa, mimi naulizwa kitu kimoja tu: jengo lina maji ama halina? Sasa nikinywa hivi, niseme halina?" Akamalizia kikombe. "Mazungumzo yenyewe yalikuwa yanamchosha mwenye nyumba."

Kutoka ndani ya mtungi sauti ya Victorine ilisema, "Marcellin, weye ni mwizi."

"Bonjour, Mama Murielle," alisema Marcellin, akaendelea na mlango wa pili.

Kwa hiyo mazungumzo na manispaa, kama yalikuwepo, yalikwisha siku hiyo.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia baridi. Bi Biubwa alifunga, akapika tambi za kufuturia kwa maji ya mawaridi ya Westcliff, na ilipofika siku ya kuamkia Idi alitazama nyumba nzima kutafuta kilichobaki kichafu. Kwao Unguja nyumba haiingii sikukuu na shaba iliyofubaa. Sinia, misumari ya shaba ya mlango, chetezo, vyote hung'arishwa, la sivyo wageni watasema mwenye nyumba kafa na hajazikwa. Hapa Berea hakuwa na sinia wala mlango wa maana. Alikuwa na masikio ya kondoo, ukosi na kiatu. Akachukua ndimu, majivu ya mkaa na kumbi la nazi, akakaa kwenye kigoda, akasugua tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Kulikuwa na kitu cha manjano kilichogandia juu ya shaba, king'ang'anizi, lakini Bi Biubwa alikuwa king'ang'anizi zaidi. Kilitoka chote.

Wiki hiyo hiyo Madam Coetzer, akiwa kwenye kiti chake sebuleni, alishusha gazeti.

"Victorine," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "mtungi unanuka samaki wa kukaanga."

"Ndiyo, Madam."

"Unanuka kila siku saa kumi."

"Nitaweka ndimu, Madam."

Madam aliinuka, akauendea mtungi, akainama. Alikuwa mwanamke mrefu, na kuinama kulimchukua muda. "Nani yuko huko?" aliuliza.

Victorine alikuwa amemfundisha Murielle tangu utotoni kwamba mtu mzima akikuuliza wewe ni nani, unajibu kwa heshima: jina lako, jina la mama yako, jengo, ghorofa na namba ya mlango. Alimfundisha hivyo asije akapotea mjini akashindwa kurudishwa. Mtoto hakupotea hata siku moja. Sasa, akiwa ameshika mwiko, alijibu kwa heshima yote, kwa Kiingereza safi: jina lake, jina la mama yake, jengo, ghorofa na namba ya mlango. Akamalizia, "Karibu."

Victorine alifumba macho. Mafundisho ya miaka kumi, na leo ndiyo yameshika.

Madam hakupiga kelele. Alirudi kwenye kiti, akaeleza. Mitungi ile ilikuwa ya bibi yake. Alipofariki, mama yake Madam alichukua mmoja, na shangazi yake akachukua wa pili akaenda nao kwenye fleti yake ya Berea, wakati ambapo Berea watu walivaa kofia kwenda kununua mkate. Shangazi alizeeka humo, akafia humo. Hakuna mtu wa familia aliyethubutu kwenda kuchukua vitu vyake.

"Hata siku ya mazishi?" aliuliza Victorine.

"Mtaa ulikuwa umebadilika."

"Tangu Berea kwa miguu mpaka hapa ni nusu ya asubuhi, Madam. Mimi natembeaga."

Madam alisema miwili pamoja ni kitu kikubwa sana, mmoja peke yake ni chombo tu. Alisema shaba ile ndiyo yenye thamani, kuliko hata kauri, kwa sababu fundi wake anajulikana. Alisema angefurahi sana kuiona tena miwili upande huu na upande huu wa meko.

"Na maji?" aliuliza Victorine.

"Maji gani?"

"Watu wa jengo letu wanakunywa kwa mtungi huu. Mabomba yamekatwa. Mtoto wangu anakunywa, anaoga, anapika. Hao samaki unaowanusa wameoshwa kwa maji yako."

"Nimeuona mpira dirishani," alisema Madam. "Sikupenda kusema. Lakini hilo ni jambo la manispaa, Victorine."

"Manispaa wanasema ni la mwenye nyumba."

"Basi ni la mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba anasema maji yapo."

Madam alitazama dirisha. Alikuwa mtu anayechoka haraka na matatizo yasiyo na namba ya simu. "Jumamosi nitamtuma mtaalamu wa mnada akautazame," alisema.

Mtaalamu alikuja, kijana mwembamba mwenye glavu nyeupe. Madam hakuja. Alisema hakuna haja, sauti inafika. Kijana alipanda ngazi zote kwa sababu lifti ilikuwa imegeuzwa stoo ya matofali, akapita kwenye foleni akiomba radhi kwa kila dumu. Victorine alikuwa nyumbani siku hiyo, amesimama mlangoni mikono kiunoni. Murielle alikuwa nyuma yake. Bi Biubwa alivaa kanga mpya, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Kijana aliwasha tochi, akatazama kauri, akatabasamu. Akashuka kwenye shaba, tabasamu likaisha. Alipapasa masikio ya kondoo. Alivua glavu, akapapasa tena.

"Dhahabu iko wapi?" aliuliza.

Murielle akatafsiri.

"Dhahabu gani?" alisema Bi Biubwa. "Ule uchafu wa manjano? Niliutoa. Mwambie nilisugua siku nzima, mabega yaliniuma mpaka Idi pili. Hebu aone inavyong'ara."

Murielle alitafsiri hayo pia, bila kupunguza. Kijana alikaa juu ya dumu la mtu. Kisha akainama, akasema ndani ya mtungi, polepole, kama daktari anayezungumza na wafiwa, kwamba upako wote umekwenda, wa karne mbili na nusu, kwa ndimu, na kwamba kilichobaki ni shaba tupu.

Mtungini lilisikika gazeti likikunjwa. Wenye foleni waliona ni dalili nzuri, wakasogeza madumu.

"Basi," ilisema sauti ya Madam hatimaye. "Waachieni."

Watu walishangilia. Bi Biubwa hakujua alichoshinda lakini alipokea pongezi. Kijana alikunywa kikombe cha chai ya tangawizi akaondoka. Victorine peke yake hakucheka. Alikuwa amefanya kazi kwa Madam muda wa kutosha kujua kwamba akisema basi, huwa hajamaliza.

Jumatatu Madam alimwambia kwamba ameamua kuuza ule wa kwake. Mmoja peke yake hauna maana, alisema, na unanuka.

"Madam, uniuzie mimi," alisema Victorine. "Ukate kwenye mshahara."

"Usinifanye nicheke," alisema Madam, na hakucheka. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, ng'ambo, katika mji wa Ulaya ambao Victorine hakuujua.

"Basi uuze zulia. Uuze picha. Mtungi ndiyo bomba letu."

"Victorine, mimi ni mtu mmoja. Siwezi kuwa manispaa."

"Sikuambii uwe manispaa. Nakuambia uache kitu mahali kilipo. Hiyo ni kazi?"

Madam alisema ana kichwa kinauma, na kwamba fedha itahitaji kung'arishwa kabla ya chakula cha mchana. Alimaanisha vijiko.

Siku ya kufungasha, Victorine aliuacha mpira mdomoni mwa mtungi tangu alfajiri. Berea watu walijaza kila kitu chenye tumbo: madumu, bafu, ndoo za taka zilizooshwa, mabuti ya mvua, ngoma ya kwaya ya Wamethodisti. Lori lilipopiga honi getini, Victorine alifunga maji, akainama mara ya mwisho.

"Murielle. Ya kunywa uchemshe. Bafu ufunike. Marcellin usimpe hata tone. Kitabu cha jiografia kiko chini ya godoro, nimekiona Jumamosi, usijidai kimepotea. Na useme Kiswahili na Bi Biubwa, asije akazeeka hana wa kuongea naye."

"Mama, utanipigia?"

"Nitapiga nikipata vocha. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Mfungashaji alimgusa bega, akaomba nafasi. Akaanza kujaza karatasi ndani ya mtungi ili usivunjike njiani. Alijaza, akageuka kuchukua nyingine, akakuta hamna kitu. Akajaza tena. Huko Berea, Murielle alisimama katikati ya korido iliyojaa karatasi mpaka magotini, akiendelea kueleza kwamba amekula ugali na maharage. Mwishowe mfungashaji aliandika kwenye kreti kwamba mtungi hausafirishwi na kitu ndani, akapiga misumari.

Bafu lilikauka kabla ya katikati ya Julai. Madumu yalirudi kukalia viti vya teksi. Victorine aliendelea kufuta vumbi sebuleni Westcliff, na alipofika kando ya meko palipobaki alama ya duara kwenye zulia, aliinama kwa mazoea, akauliza kama mtoto amekula, kisha akafuta kile kitu kilichokuwa mbele yake, yaani hewa.

Mwisho wa mwezi Marcellin alikusanya kodi na maji kama kawaida. Walipomuuliza maji gani, alisema kwenye daftari la mwenye nyumba jengo lina maji, na yeye hana mamlaka ya kulikausha.

Jumamosi iliyofuata Victorine aliporudi nyumbani, alikuta mwavuli ndani ya mtungi. Ulikuwa mweusi, mzuri, wenye mpini wa mti, na ulikuwa umeloa. Jioni walikuta mwingine. Katikati ya wiki, Murielle alisema kwenye simu kwamba imefika sita, na mmoja una maua. Huko mtungi ulikokwenda, mwenyewe aliuweka karibu na mlango wa mbele kama pa kuwekea miavuli, na inaonekana mvua ya huko haina likizo. Kila jioni watu wa nyumba hiyo walirudi, wakatumbukiza miavuli yao, na asubuhi wakakuta hamna, wakanunua mingine. Walikuwa na uwezo.

Johannesburg hainyeshi majira ya baridi. Tangu Mei mpaka Septemba mbingu ni bluu kama sahani. Hata hivyo kufikia mwisho wa Agosti hapakuwa na mtu katika jengo lile asiye na mwavuli wake mwenyewe, wa Ulaya, wenye chuma imara. Watu waliitumia kwenda nayo kwenye foleni ya bomba la kanisa. Marcellin alichagua wa rangi ya divai.

Jumapili moja, muda mfupi kabla ya kurudi kazini, Victorine alisikia mlango ukifunguka ndani ya mtungi, na nyayo, na mvua. Alishika masikio yote mawili ya kondoo, akainamisha kichwa.

"Ninyi wa huko!" alipaza sauti. Alisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza cha Madam. "Tieni maji! Hatuhitaji mwavuli! Maji! Ndoo moja tu, mnayo nje hapo yanamwagika bure!"

Nyayo zilisimama. Mtu alisogea karibu. Walisikia pumzi yake. Akajibu maneno machache, kwa upole mkubwa, kwa lugha ambayo hakuna mtu kwenye korido ile aliyewahi kuisikia. Kisha akaweka mwavuli mwingine.

Victorine aliutoa. Ulikuwa mkubwa kuliko yote, wa wanaume, unatiririka.

"Lete sufuria," alisema.

Murielle alishika ncha, mama akashika mpini, wakakamua kwa nguvu kama wanavyokamua blanketi. Yalipatikana maji ya kutosha kikombe kimoja. Bi Biubwa aliyanusa, akasema ni masafi. Victorine akayabandika jikoni, akamwambia mtoto achemshe mpaka yatokote, kwa maana hajui hiyo mvua imepita wapi.